Chekeche la mchanga la mbao na waya: miezi saba ufukweni Kunduchi, Dar es Salaam, maoni yangu

Naandika hii kwa ajili ya wale mnaofanya usafi wa fukwe, vikundi vya mtaani, walimu wenye klabu za mazingira na hata mzazi anayepeleka watoto kuogelea Jumapili, kwa sababu kila nikipita na lile dude begani lazima mtu aniulize ni nini na nimelitoa wapi. Ni chekeche. Chekeche kama lile la mafundi ujenzi la kuchekechea mchanga wa plasta, ila langu nimelichongesha dogo, lina fremu ya mbao na nyavu mbili za chuma, na kazi yake ni moja tu, kutoa plastiki ndogondogo kwenye mchanga wa bahari. Nina nalo miezi saba sasa, limekula masika yote na limeingia kusi, kwa hiyo naweza kuliongelea.

Kwanza kwa nini mtu ahangaike na chekeche. Mimi nilianza kwenda kwenye usafi wa ufukwe 2019, mwaka ambao rambo zilipigwa marufuku nchi nzima kuanzia tarehe 1 Juni, na miaka yote hiyo tulikuwa tunafanya vilevile, glavu, salfeti, mnaokota chupa, malapa, makopo ya juisi, mnafunga, mnapiga picha ya pamoja, mnaondoka ufukwe unang'aa. Siku moja watu wameshaondoka nikabaki nimekaa chini ya mvinje nasubiri bodaboda, nikawa nachezea mchanga tu, nikafungua mkono nikaangalia. Kwenye kiganja kimoja kulikuwa na kipande cha bluu kama kucha ya mtoto, kijiuzi cha kijani cha kamba ya ngalawa, vipunje vitatu vyeupe vya mviringo kama adesi, na kitu chekundu ambacho ukikitazama vizuri bado unaona vile vistari vya pembeni vya kizibo cha chupa. Na hapo ndo tulipomaliza kusafisha nusu saa nyuma. Iliniuma kweli. Yaani tulikuwa tumeokota vile vinavyoonekana kwenye picha tu.

Hizo ndo maikroplastiki, plastiki yoyote iliyo chini ya milimita 5. Jina lilianza kuenea baada ya 2004, pale Richard Thompson, mtaalamu wa bahari wa Uingereza, na wenzake walipoandika kuhusu chembe walizozikuta kwenye mchanga na matope ya fukwe za kwao. Kinachotokea unaweza kukiona kwa macho ukikaa pwani: plastiki haiozi, inapigwa na jua, inapauka, inakuwa kavu inavunjika kama biskuti, halafu wimbi na mchanga vinaisaga. Ndoo moja iliyopasuka inakuwa vipande kumi, vile kumi vinakuwa elfu, na hakuna kilichoondoka. Juu ya mchanga mkavu hali ni mbaya kuliko ndani ya maji, maana kule juu jua linachoma siku nzima na joto linasaidia kuikausha.

Sasa bidhaa. Kabla ya hili la mbao nilinunua jingine onlaini, duka silitaji, liliandikwa la ufukweni, imara, la kudumu, na lenyewe lilikuwa la plastiki ya njano. Kosa langu ni kuamini maandishi. Wiki ya tatu kona ya wavu ikachanika, nikaishona na uzi wa kuvulia, nikaendelea, mwezi wa pili ukingo wote umepauka na ukipitisha kidole kinatoka na unga mweupe kama chaki. Ule unga ni plastiki. Nilikuwa nazunguka ufukweni na kifaa kinachomwaga kilekile ninachokitafuta, na nilipowaandikia wauzaji wakanijibu mzigo ukishapokelewa haurudi. Basi. Kama unanunua kifaa cha kusafishia bahari na kifaa chenyewe ni plastiki ya bei rahisi, acha, bakiza hela yako. Hata reki za plastiki ni hivyohivyo, meno yanakatika moja moja na hakuna anayeyatafuta.

Ndo nikaenda kwa fundi seremala wa Tegeta. Nilimchorea kwenye karatasi, fremu mbili zinazokaa moja juu ya nyingine kama masufuria, urefu sentimita 60 upana 40, ya juu iwe na waya wa matundu ya milimita 5 na ya chini waya wa mbu. Mbao ni vipande vya mtiki vilivyobaki kwenye kazi ya mlango, nzito kidogo lakini haikunywa maji wala haijapinda mpaka leo. Waya wa mbu angalieni vizuri dukani, mwingi unaouzwa siku hizi ni wa nyuzi za plastiki, ukiushika ni mlaini kama kitambaa, usichukue huo. Mimi nilianza na wa chuma wa kawaida, chumvi ikaumaliza ndani ya miezi miwili, ukawa na kutu unachafua mchanga, nikarudi nikaweka wa stenlesi. Jumla mbao, ufundi na waya wa pili imenitoka elfu hamsini na tatu. Si hela ndogo, najua, ila kikundi cha watu kumi mkichanga haifiki hata elfu sita kila mtu na mnalo la miaka.

Matumizi yana siri zake na hapa nitakaa kidogo maana watu wengi watalinunua watachekecha mahali pasipo na kitu watasema halifai. Mimi mwenyewe wiki mbili za kwanza nilikuwa nachekecha pale maji yanapoishia, napata mchanga na makombe, vipande vya plastiki vya kuhesabika. Akapita mzee mmoja mvuvi anayekaa pale karibu na soko la samaki, nikamsalimia shikamoo, akaitika akasimama kunitazama. "Mwanangu, unatafuta nini hapo?" Nikamwonyesha. Akacheka kidogo, akanishika mkono akanipandisha juu mpaka karibu na mizizi ya mivinje, akasema "Hapo chini maji yanapita kila siku, yanaleta yanachukua. Uchafu uliokaa uko huku, huku maji hufika bamvua tu."

Na kweli. Ukiangalia ufukwe vizuri utaona mistari miwili ya mwani, mmoja mbichi chini ulioachwa na maji ya leo, mwingine umekauka mweusi huko juu ulioachwa na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Kwetu hapa maji ya bamvua yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo kinachotupwa kwenye mstari wa juu kinabaki pale kinapigwa jua wiki mbili mpaka bamvua lijalo, kinavunjika palepale. Chota sentimita tano za juu za mchanga wa mstari ule na kibao, si jembe, weka kwenye chekeche. Lazima mchanga uwe mkavu. Ukiwa na unyevunyevu waya wa chini unaziba, utapiga utatikisa mpaka mabega yaume na hakuna kinachoshuka. Saa nne asubuhi mpaka saa saba ndo muda wangu, kabla ya hapo umande haujaisha.

Wavu wa juu unashika makombe, vijiti, mwani na vipande vikubwa, hivyo unachambua kwa mkono. Wavu wa chini ndo wenye mali. Unabaki na mchanganyiko wa changarawe, vipande vya makombe, nyuzi za makumbi na plastiki, na ukianza kuchambua kwa vidole jua litakuzamia hujamaliza robo. Fanya hivi, mimina kwenye ndoo ya maji ya bahari, koroga, subiri. Makombe na changarawe vinazama. Vinavyoelea ni makumbi, fomu, yaani lile povu gumu jeupe la maboksi ya samaki, na plastiki nyepesi za aina ya vizibo, rambo na kamba. Zipo zinazozama pia, ile ngumu ya vijiko na vikombe vya kung'aa inazama kwenye maji ya bahari, vipande vya chupa za maji vinazama, mabomba yanazama. Kwa hizo unaongeza chumvi ya mawe mpaka maji yakatae kuyeyusha zaidi, koroga tena, vijiko vitapanda juu vyenyewe, za chupa na za mabomba bado zitabaki chini hizo unaokota kwa jicho. Maji yale usimwage kwenye mchanga, yapitishe kwenye kitambaa cha kanga kuukuu ndo uyarudishe baharini.

Sasa nimekuta nini humo. Hiki ndo kilichonifanya niandike.

Kitu kilichonishtua kuliko vyote ni kipande cha kiroba. Si gunia, kile kiroba cha pombe kali, vile vipaketi vilivyokuwa vinauzwa kila kioski na madereva wanaweka mfukoni. Vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017. Hiki changu kina ukubwa wa kidole gumba, ndani bado kina ule utando wa fedha unaong'aa, nje herufi zimebaki mbili na nusu, rangi nyekundu imekuwa ya waridi. Watoto wa darasa la pili pale mtaani hawajawahi kuona kiroba kikiuzwa, lakini kiko kwenye mchanga wanaochezea na hakijaoza hata ukingo. Nimekiweka kwenye kopo peke yake. Huwa nawaonyesha watu wanaosema "si walishapiga marufuku, itaisha tu."

Halafu mifuko mbadala. Hii inaniuma kuisema kwa sababu mimi ni mmoja wa waliofurahia marufuku ya rambo na bado naiunga mkono kwa moyo wote, mitaro ya mtaani kwetu ilikuwa inaziba kila mvua na sasa ina nafuu kubwa. Ila ile mifuko laini ya rangirangi tuliyopewa sokoni badala yake, ile inayofanana na kitambaa, nayo ni plastiki, ni nyuzi za plastiki zilizogandishwa. Ukiikuta juani baada ya miezi michache ukiishika inakuwa manyoya mkononi. Kwenye wavu wa chini inaonekana kama pamba ya kijani na ya zambarau imejisokota na nyasi, na hiyo huwezi kuitenga kwa maji wala kuichambua, unaitoa na nyasi zake unatupa. Salfeti za unga na mchele ni hadithi ileile, na sisi wasafishaji ndo tunaoziacha ufukweni zimejaa taka tunasubiri gari la taka ambalo linaweza kukaa siku nne. Nikishajua hivyo nikaanza kutumia makapu ya ukindu na ndoo.

Fomu ya maboksi ya samaki ndo nyingi kuliko zote kwa idadi. Inavunjika inakuwa mpira mmoja mmoja kama chembe za sago, upepo unapuliza inakimbia juu ya mchanga, kuku wanadonoa. Nimeona kwa macho kuku wa mama lishe mmoja pale anadonoa fomu kama mtama, nikamwambia dada yangu, funika hilo boksi na turubai, akaelewa haraka, siku iliyofuata likawa limefunikwa.

Na vile vipunje vya adesi. Vile si vipande vya kitu kilichovunjika, vile ni malighafi, ndivyo plastiki inavyosafirishwa kabla haijawa ndoo au kiti, kwenye mifuko ya kilo 25, ikipasuka bandarini au kwenye lori vinamwagika na mvua inavisukuma mpaka baharini. Bahari yetu imeshapata ajali kubwa za hivyo. Oktoba 2017 dhoruba ilipiga bandari ya Durban makontena yakaanguka na tani 49 za punje zikaingia majini, na 2021 meli ya X-Press Pearl iliungua nje ya Colombo ikiwa na punje zaidi ya tani 1,600, fukwe za Sri Lanka zikawa nyeupe. Nikisikia tani 49 zamani ilikuwa namba tu. Sasa nikiokota punje kumi asubuhi nzima najisikia vibaya kwa waliozikusanya kule.

Jambo jingine la punje, ziangalie rangi. Nyeupe ya maziwa ni ngeni. Ya njano au kahawia imekaa sana baharini, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyonyonya sumu zisizopenda maji, DDT, ile dawa ya kuua wadudu, na jamaa zake. Kuna mtaalamu Mjapani, Hideshige Takada, 2005 alianza kupokea punje kwa posta kutoka kwa watu wa kawaida duniani kote, akawa anapima sumu iliyoko fukwe zao. Mimi zangu za njano naziweka kwenye kichupa cha kioo, na watoto hawagusi bila mimi kuwepo.

Mapungufu ya chekeche, maana siyo dawa ya kila kitu. Moja, chochote kilicho chini ya tundu la waya wa mbu, kama milimita moja na ushee, kinapita kinarudi kwenye mchanga, na nyuzi nyembamba za nguo na kamba zinapita kwa urefu wake hata zikiwa ndefu. Kwa hiyo ukimaliza usiseme ufukwe hauna plastiki, sema umetoa ile ambayo ingesagwa ikawa isiyokamatika. Pili ni polepole mno. Watu wawili, kwa muda wa saa tatu, tunamaliza mstari wa hatua kama kumi na tano na kupata kopo moja la maziwa ya unga limejaa. Ukilinganisha na salfeti ishirini za chupa watu wanaona ni mchezo wa watoto, na wahisani wanapenda salfeti. Hata kwenye vikubwa penyewe kazi ni ngumu kuliko tunavyodhani, kisiwa cha Aldabra kule Shelisheli ambako hakuna mji wala hoteli, 2019 kikosi kilikaa wiki tano kikatoa tani 25, na makadirio yao ni kwamba jumla zilikuwepo zaidi ya tani 500, nyingi nyavu na kamba za uvuvi, na malapa maelfu kwa maelfu. Hapo hakuna aliyegusa chembe.

Tatu ni mgongo. Nusu ya kwanza nilikuwa nalishika kwa mikono natikisa, jioni siwezi kuinama kuvua viatu. Ikabidi nifanye kama mafundi, fito tatu zimefungwa juu, chekeche linaning'inia kwa kamba, unalisukuma linaenda linarudi. Kamba tumia ya katani, iko madukani na bei yake ya kawaida, ya naironi ikilika inaacha nyuzi palepale unapofanyia kazi.

Na tafadhali, mkilinunua, msichekeche kila mahali. Mwani mkavu usichomwe wala kubebwa, ukung'ute chembe zitoke kisha urudishe ulipokuwa, ndo unaoshika mchanga usiliwe na maji, na Kunduchi tunajua vizuri bahari inavyokula ardhi. Ukiona shimo la kaa acha nafasi. Kama ni ufukwe ambao kasa wanataga, upande wa kusini ya Kigamboni huko au Mafia, usiguse mchanga wa juu kabisa mpaka umeongea na watu wanaolinda viota, shirika la Sea Sense lina watu wake vijijini, kiota kiko chini ya mchanga uleule wa mstari wa juu na juu yake huoni kitu.

Vilivyopatikana navisindilia kwenye chupa za maji za lita moja na nusu mpaka zikaze, nafunga kizibo, ndo zinaenda dampo. Wanunuzi wa chupa chakavu hawataki chembe, nimewauliza watatu, na kuzichoma ndo usithubutu. Ukizitupa wazi upepo wa kusi utazirudisha kabla gari halijafika.

Chekeche hili nalipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya uzito na misumari, maana fundi alipiga misumari ya kawaida na ndiyo iliyoanza kushika kutu kwenye kona. Nimeshaagiza la pili kwa ajili ya shule ya msingi ya jirani, dogo zaidi, la skrubu za stenlesi, amesema litakuwa tayari kabla ya mwezi mpevu. Bamvua likishuka tutakuwa pale chini ya mivinje kuanzia saa nne. Chekeche zipo mbili, kinachopungua ni ndoo na chumvi ya mawe.